Baraza Haliandikwi

Zuhura alinitambua kwa sauti. Nilikuwa Gerezani, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nabishana na muuzaji juu ya nondo za mkanda wa uzio wangu, nikasikia mtu nyuma yangu akisema huyu lazima ni da Rehema, hakuna mwingine anayegombana taratibu namna hii. Nilipogeuka nikaona uso wa mama yake, Bi Tatu, umevaa miwani. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi. Bi Tatu alifariki nikiwa kikazi Mbeya na msiba ukanipita, jambo ambalo nililiombea radhi kwa simu lakini kwa simu halikutosha, kwa hiyo tulisalimiana kwa kukumbatiana na kupeana pole palepale katikati ya mabati. Aliniambia ile nyumba yao ya Kariakoo, niliyowahi kupanga, imeshauzwa na kwa fungu lake anajenga Kigamboni. Anajenga kama watu wengi wa mji huu wanavyojenga: yeye anampelekea fundi hela, fundi anampelekea maneno. Wiki ile alikuwa ameambiwa kwamba wamefika kwenye jamvi, akaitikia, akalipa, kisha akaja mjini bila kujua amelipia nini.

Tulivuka barabara tukaingia mgahawani, tukaagiza wali na samaki wa nazi, nikamweleza. Msingi ndio unaobeba kuta. Ukishajazwa kifusi katikati na kushindiliwa, zege linalomwagwa juu yake likalala nyumba nzima ndilo jamvi, na hapo ndipo sakafu yako itakapokaa. Linta ni ule mstari wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha, ili uzito wa ukuta usiiangukie fremu ya mbao. Fundi akikwambia linta si lazima, badilisha fundi. Zuhura alikuwa anachambua miba na kusikiliza kwa makini. Akaniuliza haya yote nilijifunza chuo gani. Nikamwambia nilijifunza kazini, lakini kuyaeleza nilijifunzia kwenye ukumbi wa mama yake. Hapo akauliza alichokuwa akitaka kuuliza tangu tulipokaa. Mwaka wangu wa mwisho kwenye nyumba ile yeye alikuwa ameolewa Tanga. Alikuja kusalimia baada ya Idi akawakuta mama yake na mjomba wake Shabani hawasemezani, vyumba vyao vinatazamana, na mpaka wamekufa wote wawili hakuna aliyemwambia sababu. "Wewe ulikuwepo," akasema. Nilikuwepo. Nilimweleza kwa kifupi, maana samaki alikuwa anapoa. Hapa naeleza kwa urefu.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na nilipanga chumba cha mwisho upande wa kushoto. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, imepigwa lipu ya chokaa na kuezekwa bati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati kuanzia mlango wa mbele mpaka uani, na huko uani jiko, bafu na choo cha watu wote. Haikuwa na dari. Kuta ziliishia usawa wa boriti, na juu yake hewa ilikuwa moja kwa wote, pamoja na harufu na maneno. Nilijua mume na mke wa chumba cha pili wamegombania nini na wamepatana saa ngapi. Nilijua nani anakaanga papa na nani anakula ugali mkavu akisema ameshiba. Siku hizi nina nyumba yenye dari ya jipsam na milango ya kufunga kabisa, na wiki inaweza kupita sijui mwanangu anawaza nini. Sisemi kwamba kule kulikuwa kuzuri zaidi, maana kusikia kikohozi cha mtu usiyempenda ni adhabu. Nasema tu kwamba kule nilikuwa na habari.

Bi Tatu alikaa chumba cha mbele kulia, na mdogo wake Mzee Shabani chumba cha mbele kushoto, uso kwa uso. Nyumba ilikuwa urithi wao wawili. Nje, mbele ya mlango, lilikuwepo baraza, lile benchi la saruji lililoshikana na ukuta kila upande wa mlango, na hapo ndipo Bi Tatu alipoishi hasa. Alfajiri aliweka jiko na karai upande wa kulia, akachoma vitumbua na maandazi, akauza na chai ya tangawizi. Wateja wake walikuwa mafundi wa Gerezani, wapagazi wa sokoni, wauza vitenge wakienda kufungua maduka. Kila mtu alimpa shikamoo na kila mtu alipewa marahaba iliyoambatana na swali: mtoto amepona, mkeo amerudi, mbona jana hukupita. Vitumbua vikiisha hakuondoka. Alibaki na ungo wake wa mchele mpaka adhuhuri, akichambua chuya na habari za mtaa kwa mikono ileile. Nilimpenda Bi Tatu. Alikuwa na ulimi mkali, hakuvumilia mpangaji anayemwaga maji ya sabuni mlangoni, lakini mgonjwa wa nyumba ile hakuwahi kulala bila uji.

Kazi yangu ilikuwa kwenye ofisi ndogo ya mchora ramani, Mzee Mbwambo, ambaye alikuwa na meza mbili, feni moja, na methali moja aliyoipenda kuliko watoto wake: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilinakili michoro kwa wino. Kwa hiyo Bwana Nassor alipokuja na mpango wake, Bi Tatu aliona mkalimani anaye ndani ya nyumba.

Bwana Nassor alikuwa na duka la kanga za jumla ng'ambo ya mtaa, mtu wa asili ya Kiarabu aliyezaliwa mtaa uleule, mpole, msafi, anayebeba halua kila anapokuwa na jambo. Ghorofa zilikuwa zimeanza kuota Kariakoo, na yeye alitaka kuotesha yake. Kiwanja kingekuwa cha ndugu wawili, gharama zingekuwa zake, na jengo lingegawanywa: wao wapate ghorofa mbili za juu na fremu moja ya duka huko chini, zilizobaki ziwe za kwake. Mzee Shabani angechukua ghorofa moja, Bi Tatu ghorofa moja pamoja na ile fremu. Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Nimeona mibaya mingi tangu siku ile, na huu ulikuwa wa mtu mwenye haya.

Ikawa kila alasiri nikitoka kazini namkuta Bi Tatu ukumbini na neno moja ameniwekea, kama mtu anavyomwekea mwenzake chakula. Nilianza na ubia, kwamba ni kuchanganya mali pasipo mmoja kuuza: wewe unaleta ardhi, mwenzio analeta jengo, na mkataba ndio unaosema nani ana kipi. Akasema kumbe ni ndoa. Nikasema ni ndoa, ila talaka yake ni mahakamani. Siku nyingine akaniuliza hati ni ya nini hasa, maana baba yao aliificha chini ya godoro maisha yake yote. Nikamweleza kwamba hati inataja kiwanja, mipaka yake, na miaka ambayo mtu amepewa kukitumia, kwa sababu ardhi yenyewe ni ya umma na sisi tumemilikishwa kwa muda na masharti. Alilitafakari hilo mpaka mchele ukaisha kwenye ungo. "Kwa hiyo na mimi mpangaji," akasema, na akaonekana kuchukizwa kidogo kuwa daraja moja na sisi.

Fremu hakuhitaji kuelezwa, alikuwa ameziona zikijengwa mtaa mzima: chumba cha duka chenye mlango mmoja wa chuma unaoikabili barabara, hakina dirisha wala ua. Kilemba pia alikijua. Mwenye fremu kabla hajamkabidhi mpangaji ufunguo hupokea kilemba, fedha ya kumkaribisha ambayo si kodi na hairudi, sawa na kilemba cha mjomba kwenye harusi. Kariakoo kilemba kilikuwa kinazidi kodi ya miaka, ndiyo maana wenye akili ya biashara walitazama chini, si juu. Lakini nyumba ile haikuwa na akili ya biashara. Ilikuwa na akili ya heshima, na kwa akili hiyo mkubwa hukaa juu na duka hukaa chini. Mzee Shabani alikuwa ameshaanza kuwaambia watu msikitini kwamba atahamia ghorofani.

Bi Tatu yeye hakutaka kukaa juu wala kumiliki kasha la chuma. Alitaka baraza lake. Siku ya mazungumzo, tumekaa ukumbini kwenye mkeka, kahawa na halua katikati, alimwambia Bwana Nassor kwamba fremu haina kazi kwake, atalala huko juu kwa kuwa imebidi, ila mchana aachiwe baraza la mbele, upande wa kulia, aweke jiko lake kama kawaida. Bwana Nassor alifurahi mpaka akaweka kikombe chini. Alisema hilo si la kuombwa, baraza ni lake na wajukuu zake. Mzee Shabani, ambaye hadi hapo alikuwa anakula halua tu, akasema basi kama dada hataki fremu, ije kwake. Dada akasema chukua. Fatiha ikasomwa.

Mimi nilimfuata uani baadaye alipokuwa anaosha vikombe, nikamwambia sharti la baraza liingie kwenye mkataba, kwa urefu na upana wake. Alinitazama kama niliyemwambia amkatie mgeni risiti ya chai. Kwa watu wa pwani baraza haliandikwi. Si chumba, halina mlango, mpita njia akichoka hukaa bila kuomba, na mwenye nyumba akimnyima hapo ndipo anapokosea. Kukiandika kitu cha namna hiyo ilikuwa ni kumwambia Bwana Nassor kwamba humwamini, na kujiambia mwenyewe kwamba wewe ni bahili. Sikubishana. Nilimweleza Mzee Mbwambo, naye akatoa methali yake, kisha akafanya la maana zaidi: akasema hawezi kuchora jengo bila kujua kiwanja kinaanzia wapi, akaagiza mpima ardhi.

Mpima alikuja asubuhi na vifaa vyake, vitumbua vikiwa bado motoni. Alitafuta mawe ya mipaka, yale yenye chuma katikati ambayo sisi tunaita bikoni. Ya nyuma aliyaona uani, moja chini ya pipa la maji, jingine kwenye kona ya choo. Ya mbele hakuyaona. Alipima, akarudi, akapima tena, kisha akamwomba Bi Tatu radhi na kumwambia asogeze jiko. Akachimba saruji ya baraza kwa patasi pale pale penye kivuli cha masizi, akafika kwenye bikoni iliyolala imegusana na mguu wa ukuta. Wateja walisimama na vikombe vyao wakitazama. Mpima akanyoosha kamba kutoka jiwe hilo mpaka la upande wa pili, alilolichimbua vilevile, na kamba ikapita juu ya kizingiti cha mlango. Nyumba yote ilikuwa ndani ya kamba. Baraza lote lilikuwa nje.

Bi Tatu aliniuliza mimi, si mpima. Nikamwambia kilichokuwa nje ya kamba kinaitwa hifadhi ya barabara, ardhi iliyoachwa kwa ajili ya njia, mitaro, nguzo na mabomba. Haina hati ya mtu. Unaweza kuachwa ukaitumia miaka na miaka, lakini huwezi kuiuza, kuirithi wala kumpa mwingine, na siku ikitakiwa inachukuliwa bila fidia. Jengo jipya lingeishia kwenye kamba na manispaa isingepitisha ramani yenye kitu mbele yake. Akauliza, kwa hiyo baba alilijenga barabarani. Nikasema ndiyo, kama majirani wote, hata Bwana Nassor. Akarudisha jiko mahali pake, juu ya lile shimo, akaendelea kuuza. Nilikwenda kazini nikiwa na uchungu ambao sikuutegemea. Nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri, na maelezo yangu yalikuwa sahihi neno kwa neno.

Mambo yalivyokuwa sasa yalieleweka kwa kila mtu ndani ya nyumba. Mkataba ulikuwa haujasainiwa. Bi Tatu alikuwa ametoa fremu akapewa kitu ambacho aliyempa hakuwa nacho. Njia ya pekee ya kubaki chini, kwenye mtaa wake, ilikuwa fremu irudi, na fremu ilikuwa mkononi mwa Mzee Shabani. Kwa mila yao, mkubwa haombi kwa mdogo. Mdogo huona mwenyewe akatoa kabla hajaombwa. Kwa hiyo Bi Tatu alisubiri. Sisi wapangaji tulisubiri pia, kwa sababu zetu, kwani jengo likianza tungetafuta vyumba kwingine. Kila jioni nyumba ilipotulia nilisikia kupitia juu ya kuta sauti ya Mzee Shabani akisoma uradi, na ng'ambo ya ukumbi kimya. Alikuwa mtu mzuri, napenda Zuhura ajue hilo. Alikuwa anawapa watoto wa nyumba ile kashata. Lakini wiki nzima alipita mlangoni pa dada yake akiangalia miguu yake mwenyewe.

Bwana Nassor aliitisha kikao kingine, ukumbini palepale, baada ya sala ya alasiri. Nilikaribishwa kwa sababu ya ramani. Alianza yeye kuomba radhi, akasema hakujua, na kwamba yuko tayari kwa mabadiliko yoyote watakayopatana ndugu. Kisha akampisha mdogo aseme. Mzee Shabani aliipanga kofia yake kichwani, akaivua, akaipanga tena. Kahawa ikamiminwa. Hapo Bi Tatu akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Shabani," akasema, "nakuomba unirudishie fremu."

Mzee Shabani alizungumza na mkeka. "Dada, nimeshapokea kilemba."

Alikuwa amepokea kwa muuza vipuri wa Gerezani, kwa ajili ya duka ambalo lilikuwa bado ni chumba cha kulala cha dada yake, na kilikuwa kimeshatumika kumsafirisha mwanawe kwenda Maskati kutafuta kazi. Alisema dada hatapungukiwa, kule juu kuna hewa, hakuna vumbi wala kelele, ni mahali pa mtu mzima kupumzika. Bwana Nassor, kwa wema kabisa, akasema anaweza kumwachia nafasi chini ya ngazi, aweke kiti chake. Naamini hakuona alichokisema. Nafasi ya chini ya ngazi kwenye ramani zetu tulikuwa tunaichorea pipa la taka.

Bi Tatu hakupandisha sauti. Aliuliza, "Huko juu nitamsalimia nani?" Akasema basi hasaini. Mirathi ilikuwa na majina mawili, na bila jina lake hakuna mkataba. Mzee Shabani alimwambia anamdhalilisha mbele za watu, kwamba sasa atakirudishaje kilemba. Dada akamjibu kwamba angeuliza hilo kabla ya kukipokea. Akakusanya vikombe, vingine vikiwa bado na kahawa.

Kilemba kilirudi, sijui kwa kuuzwa nini. Baiskeli ya Mzee Shabani haikuonekana tena uani, na redio yake pia. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini si wapangaji wote waliolima: kuna aliyempelekea mmoja maneno ya mwenzake, na kuna aliyepunguziwa kodi kwa kuwa msikilizaji mzuri. Ndugu wenyewe waliacha kusemezana. Aliyetaka kumwambia mwenzake kitu alimwambia mpangaji, kwa sauti ya kutosha, na mwenzake alisikia ng'ambo ya ukumbi. Nilifikiri itapita ifikapo Idi. Idi ikaja, Mzee Shabani akasali, akarudi, akaingia chumbani kwake, na sinia la pilau ambalo dada yake alimpelekea kwa mkono wa mtoto wa jirani likatoka limefunikwa kama lilivyoingia.

Zuhura mgahawani alikuwa ameacha kula. Aliniuliza kama mama yake alifanya vibaya. Nilimwambia sijui, na ndivyo ilivyo. Aliilinda sehemu ambayo haikuwa yake, akaishi kwenye nyumba inayovuja huku ghorofa zikimzibia jua pande zote, na akampoteza ndugu. Kwa upande mwingine, hadi nilipohama, kila asubuhi aliamkiwa na mtaa mzima.

Nilihama mwisho wa mwaka ule, nilipopata kazi kwenye ofisi kubwa zaidi. Asubuhi niliyoondoka nilikaa barazani ninywe chai ya mwisho, mzigo wangu miguuni. Mlango ukafunguka na Mzee Shabani akatoka. Tangu kikao alikuwa anapitia mlango wa uani, kwa hiyo sote tukageuka. Alikaa kwenye baraza, upande wa kulia, karibu na karai. Bi Tatu alimmiminia chai, akamwekea vitumbua kwenye kisahani vile anavyovipenda, vya kuungua pembeni. Nikadhani wamepatana. Mzee Shabani alikula polepole akitazama barabara, akamaliza, akapangusa vidole. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kulipia chai ya dada yake. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akaiweka kwenye beseni pamoja na za wateja wengine. Bi Tatu akaitazama ile noti. Kisha akatafuta chenji, akaihesabu, na akampa.